Diaframu Sina Ugomvi Nayo, Ugomvi Wangu ni na Aliyenipimia

Kama kuna njia ya uzazi wa mpango inayoharibika mikononi mwa mtoa huduma kabla hata haijamfikia mwenyewe, basi ni diaframu, kile kikombe laini kinachovaliwa ukeni kufunika mlango wa kizazi, na ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haijapoa. Niliichagua kwa sababu haina homoni, maana vidonge na sindano vilikwisha kunichosha kwa maumivu ya kichwa na hedhi isiyotabirika. Yule bibi mtoa huduma alinipima harakaharaka, akaniwekea, akaitoa, akaitia kwenye kikasha chake. Nilipomwomba niivae mwenyewe pale pale ili athibitishe kwamba imekaa vizuri, alinitazama juu hadi chini, akasema, "Dada, mwili ni wako, unataka nikuonyeshe nini tena?" Wenzake wakaangua kicheko.

Kumbe kuna mengi ya kuonyeshwa. Ukingo wake ukishapakwa dawa ya kuua mbegu za kiume huteleza kama kambale, na mara ya kwanza ulinichomoka vidoleni ukaruka hadi ukutani. Mtu anapaswa kuelekezwa achuchumae au ainue mguu mmoja, aubane ukingo, aisukume diaframu kuelekea nyuma, kisha apapase kwa kidole kile kinundu kigumu kidogo cha mlango wa kizazi na kuhakikisha kimefunikwa, huku ukingo wa mbele ukiwa umejibana nyuma ya mfupa wa kinena. Haya yote nilifundishwa baadaye sana na muuguzi mwingine, mama mwenye subira, ambaye ndiye aliyegundua kuwa niliyopewa ilikuwa kubwa mno. Si ajabu ilikuwa ikinikandamiza kibofu, na maambukizi ya njia ya mkojo yakawa hayaniishi.

Hii ya sasa, ya saizi yangu, siisikii kabisa, wala mume wangu haisikii. Naivaa mapema bila papara, naiacha angalau saa 6 baada ya tendo na siiachi ipite saa 24. Kwa hiyo inafaa. Naweza hata kusema naipenda.

Lakini nikimkumbuka yule bibi, sifa hizo zinanikwama kooni. Kwa matumizi ya kawaida, zaidi ya wanawake 10 kati ya 100 wanaoitegemea hushika mimba ndani ya mwaka mmoja, na nashuku wapo waliosindikizwa kwa kicheko kama mimi. Hakunitajia hilo, wala kwamba ukishazaa sharti upimwe upya, wala kwamba diaframu haikukingi na VVU. Basi nimpendekezee nani? Anayehudumiwa na mtu kama yule muuguzi wa pili, aichukue bila wasiwasi. Atakayemkuta yule wa kwanza yuko zamu, heri aombe kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya kizazi, ambacho nacho hakina homoni wala hakimdai mtu ustadi wowote usiku, ingawa sasa nafikiria kwamba nacho kitawekwa na mikono ile ile.