Alamy kwa kitabu cha Kiswahili: panapolipa na panapokula hela bure

Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka picha ya daladala, ya soko au ya bandari, na anaitaka leo pamoja na ankara, mara nyingi ataishia Alamy, ghala la mtandaoni linalouza leseni za picha. Kampuni hii ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1999, na tangu 2020 iko chini ya PA Media Group. Ghala lake ni kubwa kupita kiasi, na ukubwa huo ndio uzuri wake na ndio kero yake. Kwa picha za ndani ya kitabu cha maarifa, tunaipendekeza. Kwa jalada lenye sura ya mtu, hapana, isipokuwa pale tutakapoeleza. Kwa picha za zamani, usitoe kadi ya benki mfukoni kabla hujamaliza kusoma hapa.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Unacholipia ni ruhusa yenye mipaka, na kila mpaka una bei yake. Kwa picha yenye alama RM (rights-managed, yaani leseni inayopimwa kwa kila matumizi), kikokotoo cha Alamy kinakuuliza inatumika wapi (kitabu, jalada au ndani), itachukua sehemu gani ya ukurasa, nakala zitakuwa ngapi, kitauzwa nchi gani na kwa miaka mingapi. Robo ukurasa ni rahisi kuliko ukurasa mzima, na jalada ni ghali kuliko vyote. Picha yenye alama RF (royalty-free) haiulizi mengi hivyo: unalipa mara moja, unaitumia tena na tena, lakini masharti yapo palepale. Kuna pia vifurushi vya bei ya moja kwa moja, kikiwamo cha majarida na vitabu. Kabla ya kubofya, soma mistari yake midogo uone kama jalada limo au limetengwa, na kikomo cha nakala ni kipi.

Makosa ya kujaza kikokotoo ni yaleyale kila siku. La kwanza ni woga: mtu ana kitabu cha nakala 2,000 kitakachouzwa Tanzania na Kenya tu, anachagua dunia nzima na muda usio na mwisho, kisha analalamika kuwa picha ni ghali. La pili ni kinyume chake, nalo ni baya zaidi. Amelipia nakala za karatasi, halafu anapandisha kitabu pepe Amazon, ambako mnunuzi wa Oslo na wa Muscat wanakipata sawasawa na wa Tanga. Hapo ametoka nje ya leseni kwa nchi na kwa aina ya kitabu pia. Kama kitabu pepe kipo kwenye mipango, hata kwa mbali, kiweke kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu kurudi kuomba nyongeza kunakuweka kwenye nafasi dhaifu. La tatu ni muda. Leseni ya miaka 5 kwa kitabu ambacho una hakika kitakaa rafuni miaka 10 ni deni ulilojiwekea.

Piga hesabu kwa nakala. Picha ya shilingi 150,000 kwenye kitabu cha nakala 1,000 inaongeza shilingi 150 kwa kila nakala. Kwenye nakala 3,000 ni shilingi 50. Zikiwa picha kumi na mbili, nakala 1,000 zitabeba shilingi 1,800 kila moja, na hapo ndipo mhariri anapogundua kuwa picha nne kati ya hizo zilikuwa mapambo tu.

Sasa ubora. Chini ya kila picha Alamy huweka mstari ambao watu wengi huupita: ukubwa wa faili. Chukua picha iliyoandikwa 5120 x 3413 px, 43.3 x 28.9 cm kwa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi), MB 50. Hizo MB 50 ni za faili ikiwa imefunguliwa; utakayopakua imebanwa, inaweza kuwa MB 2 au 3, na hakuna aliyekuibia. Jalada la mbele la A5 ni mm 148 kwa 210. Ongeza mm 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji, unapata 154 kwa 216, yaani pikseli 1819 kwa 2551. Picha yetu imelala na jalada limesimama, kwa hiyo utaikata pembeni. Urefu wake wa pikseli 3413 ukitandazwa kwenye mm 216 unatoa kama dpi 400. Inatosha na kubaki. Ukitaka ipite mgongoni hadi jalada la nyuma, kwa mgongo wa mm 12, unahitaji mm 314 kwa 216, pikseli 3709 kwa 2551. Bado inatosha. Geuza rangi kuwa CMYK, zile rangi nne za wino wa uchapaji, mwenyewe na uangalie nakala ya majaribio, hasa bluu ya bahari na kijani cha mpunga. Zote mbili hufifia kwenye karatasi, na lawama humwendea mpiga picha bure.

Kero ya Alamy iko kwenye maelezo ya picha. Maelezo na maneno ya kutafutia huandikwa na wauzaji wa picha wenyewe. Unaweza kukuta mlango wa Lamu umeandikwa Zanzibar, au Mmasai ametajwa kuwa wa nchi ambayo hakupigwa picha. Kwa kitabu cha shule, usinakili maelezo hayo kamwe. Tafuta alama mbili ndani ya picha yenyewe, bango la duka, namba ya gari au umbo la mnara, ndipo uandike maelezo yako.

Halafu angalia kama kuna idhini ya aliyepigwa picha. Alamy hutaja wazi kama ipo au haipo, na picha nyingi za mitaani za Afrika Mashariki hazina. Picha ya namna hiyo inafaa kueleza habari au somo: mama anauza samaki, kwenye sura ya kitabu inayohusu biashara ndogondogo, sawa. Jalada la riwaya ni jambo lingine, maana pale sura ya yule mama inauza bidhaa na inabebeshwa hadithi isiyo yake. Kitabu cha afya ni hatari zaidi. Shutterstock, ghala jingine la picha, kwa mfano, inakataza kumwonyesha mtu kana kwamba anaugua maradhi ya mwili au ya akili kwa namna itakayomvunjia heshima. Kama ni lazima jalada liwe na mtu, tafuta picha yenye idhini, au mpige mtu mpya umsainishe. Kwa watoto, asaini mzazi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2022.

Picha za kale ndizo zinazokula hela za watu. Kuuza leseni ya picha isiyo na hakimiliki hakukatazwi, na maghala makubwa hufanya hivyo. Desemba 2015 mpiga picha wa Marekani Carol Highsmith, aliyekuwa ameitolea Maktaba ya Bunge la nchi yake maelfu ya picha zitumike na umma bure, alipokea barua ya kudaiwa dola 120 kwa niaba ya Alamy kwa kutumia picha aliyoipiga mwenyewe. Mwaka 2016 alifungua kesi dhidi ya Alamy na ghala jingine, Getty Images. Sehemu kubwa ikatupwa na mahakama, iliyobaki wakamalizana nje. Kwa hiyo, kabla ya kulipia picha ya Tanganyika ya mwaka 1936, ingia kwanza kwenye tovuti ya Maktaba hiyohiyo ya Bunge la Marekani utafute mkusanyo wa picha uitwao Matson. Mkusanyo huo una picha za Uganda, Kenya na Tanganyika za mwaka huo, na faili kubwa za TIFF zinapakuliwa bila malipo.

Kwa enzi ya Mjerumani, angalia Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha za bure. Desemba 2008 hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka huko makumi ya maelfu ya picha, zikiwamo za mpiga picha Walther Dobbertin kutoka Afrika Mashariki, zenye namba zinazoanza na Bild 105-DOA. Ni bure, lakini zina mitego miwili. Kwanza, upande mrefu ni pikseli 800 hivi, ambazo kwa 300 dpi ni sentimeta 6.8: picha ndogo ya ndani, jalada usiliote. Ukitaka kubwa, iagize Bundesarchiv kwenyewe. Pili, leseni yake ni CC BY-SA 3.0, yaani leseni huria ya Creative Commons yenye masharti ya kumtaja mwenye kazi na kushiriki kwa masharti yaleyale. Lazima umtaje Bundesarchiv, namba ya picha, Dobbertin na leseni yenyewe. Ukisahau, leseni inakufa palepale. Toleo la 4.0 linakupa siku 30 za kurekebisha baada ya kugundua kosa, la 3.0 halina huruma hiyo. Ukiiweka picha kama ilivyo kati ya maandishi, kitabu chako kinabaki chako. Ukiichanganya na nyingine kutengeneza mchoro wa jalada, mchoro huo nao unaingia kwenye leseni ileile.

Kwa vitu vya kawaida kama gunzi la hindi, bomba la sindano au mbu, Alamy ni ghali bila sababu. Leseni ya kawaida ya Shutterstock inaruhusu hadi nakala 500,000, kiwango ambacho vitabu vyetu vichache mno vitakifikia. Ubaya wake ni kwamba jalada lako linaweza kufanana na la mwenzako, kwani hakuna anayekuuzia upekee. Ghala la Adobe Stock nalo, tangu mwisho wa 2022, linapokea picha zilizotengenezwa na akili bandia. Zichuje kabla ya kutafuta, vinginevyo kitabu cha biolojia kitapata mbu wa miguu minane.

Jalada linalobeba kitabu tungelipeleka kwa mpiga picha wa hapa. Alamy humpa mpiga picha asilimia 40 ya mauzo kwa mkataba wake wa kiwango cha kati, kwa hiyo kuna nafasi ya kuelewana bei ambayo inawafaa nyote wawili, na M-Pesa inatosha. Karatasi moja iseme: jalada, lugha ya Kiswahili, karatasi na kitabu pepe, nakala 3,000, miaka 5, si ya kipekee, jalada linaweza kuonyeshwa kwenye matangazo likiwa zima, bali picha peke yake haitumiki kwenye bango. Nusu ya bei kwa kila uchapaji mpya ni pendekezo la haki. Kenya kuna jambo la kuangalia: ukimwagiza mtu asiye mwajiriwa wako akupigie picha, sheria huhesabu kwamba hakimiliki imehamia kwako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Andikeni mlichokubaliana, kwa sababu wapiga picha wengi hawalijui hilo na hulijua siku ya ugomvi.

Ukinunua Alamy, mstari wa kumtaja ni jina la mpiga picha, mkwaju (/), kisha Alamy Stock Photo. Weka ankara, leseni na namba ya picha kwenye folda ya kitabu hicho, pamoja na tarehe ya leseni kuisha ikiwa kwenye kalenda ya anayeagiza uchapaji. Mhasibu akiwa nayo peke yake, chapa ya pili itapelekwa mtamboni kabla hajaulizwa.