Gari la Kupandia Vilima vya Mchanga: Uzoefu Wangu wa Magari Matatu

Huu ni mwaka wa tano naendesha kwenye vilima vya mchanga wa jangwani, na nimepitia magari matatu. Naandika kwa ajili ya yule anayetaka kununua gari la kazi hii na hajui aanzie wapi, maana mimi nilianzia pabaya.

La kwanza silitaji jina. Lilikuwa jipya, foowili, viti vya ngozi, rimu kubwa za kung'aa, na injini ya turbo ambayo kwa maandishi haikuwa na mpinzani. Siku ya kwanza nikalielekeza kwenye tuta refu, nikakanyaga mafuta, likapanda vizuri tu. Tulipobakiza kidogo kufika juu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, na papo hapo kompyuta ikakata nguvu. Mguu umefika sakafuni, injini inanung'unika. Ule mfumo wa kuzuia gari lisiteleze umebuniwa kwa ajili ya barabara yenye utelezi: ukihisi gurudumu moja linazunguka kupita mengine, unalishika breki na kubana mafuta. Kwenye lami iliyolowa unakuokoa. Kwenye mchanga unakunyang'anya mwendo, na bila mwendo hupandi. Mimi nilikuwa nimeuzima kwa kitufe, lakini kwenye gari lile kitufe kilipunguza tu makali, hakikuuzima kabisa.

Likasimama katikati ya mteremko. Badala ya kurudi nyuma kwa njia niliyopandia, nikaongeza mafuta. Sekunde chache tu, gari limejichimbia na kulalia tumbo.

Mzee aliyeongoza msafara wetu alishuka akaja taratibu. Hakuuliza habari za injini. "Mwanangu, matairi yana upepo kiasi gani?" Nikamjibu, psi 35 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akabonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo, upepo ukaanza kutoka kwa mlio mwembamba. Nilikaa nikitazama ubavu wa tairi ukivimba na kushuka, na sehemu inayogusa chini ikirefuka kwenda mbele na nyuma. Wengi hudhani tairi hutanuka upande. Hutanuka kidogo, lakini hasa hurefuka, likawa na unyayo kama wa ngamia. Tulitoa mpaka psi 15, tukafukua mchanga uliobana chini ya tumbo na mbele ya magurudumu, nikaweka gia ya nyuma na kugusa mafuta kidogo. Gari likatoka lenyewe, bila kamba.

Siku ile nilielewa kwamba nilikuwa nimenunua nguvu farasi, wakati kinachotakiwa kwanza ni tairi linaloweza kulegezwa. Rimu ya inchi 20 inaacha ubavu mwembamba wa mpira. Ukitoa upepo hakuna kinachobaki cha kulegea. Rimu ya inchi 16 au 17 yenye ubavu mnene ndiyo inayofaa. Na usidanganywe na matairi ya matope yenye meno marefu: kwenye mchanga yanachimba badala ya kupita juu. Mimi siendi chini ya psi 12 nikiwa naendesha kawaida, kwa sababu ukikata kona kwa kasi tairi laini linaweza kuchomoka kwenye rimu, na hapo utajua uzito wa jeki kwenye ardhi isiyo na ugumu. Ukirudi kwenye lami ni lazima ujaze tena, kwa hiyo kompresa haikai nyumbani.

Gari la pili lilikuwa Suzuki Jimny, ile iliyotoka mwaka 2018, niliyoazimwa na rafiki msimu mzima. Nililipanda kwa mashaka, nikashuka nikiwa nalipenda. Lina uzito wa kilo 1,100 hivi, limejengwa juu ya chasi, lina ekseli nzima mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, pamoja na gia nzito za kwenda polepole kwa nguvu. Mahali ambapo magari makubwa yalizama, lenyewe lilipita kama halina habari. Injini ya lita 1.5 inakulazimisha uwe dereva: kwenye mteremko mrefu na laini huwezi kutegemea mafuta, sharti uichague njia mapema na ufike chini ya tuta tayari una mwendo. Kwa mtu anayejifunza, au anayesafiri na mwenzake mmoja na mizigo michache, sioni cha kulishinda.

Mimi nina familia, maji, mafuta ya akiba na mahema. Ndiyo maana nimetulia kwenye Nissan Patrol ya kizazi cha Y61, kile kilichoanza mwaka 1997, yenye injini ya petroli ya lita 4.8, silinda sita kwa mstari. Haina turbo, ambayo huchelewa kidogo kuamka. Ukigusa mafuta inavuta pale pale, kutoka raundi za chini, na kwenye mchanga pumzi hiyo ya papo kwa papo ndiyo unayoihitaji. Yangu ni otomatiki, na hapo sina mjadala: kwa gia za mkono, ule muda mfupi wa kukanyaga klachi katikati ya mlima unatosha mchanga kukusimamisha kama breki. Springi zake ni ndefu, gurudumu moja likining'inia mengine yanaendelea kushika. Toyota Land Cruiser 80 ina umbo la namna hiyo hiyo, na nikiipata nzima singesita.

Difu loku, kile kifaa kinachofunga magurudumu ya ekseli yazunguke pamoja, nimeitumia mara chache mno, nikijinasua na si nikipanda. Usiilipie pesa nyingi kabla ya matairi na mfumo wa kupoza injini. Mchangani injini inapiga raundi za juu huku gari likienda polepole, upepo wa kupoza ni mdogo, na oili ya giaboksi ya otomatiki inachemka haraka kuliko maji ya rejeta. Niliongeza rejeta ndogo ya oili ya giaboksi, na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Mafuta nayo yapigie hesabu: injini kubwa ya petroli mchangani inakunywa, wala hakuna ujanja wa kuizuia.

Ukienda kukagua gari, lala chini ulitazame. Tafuta ndoana za kuvutia zilizofungwa kwenye chasi, mbele na nyuma. Ile tufe ya kuvutia trela kamwe isifungiwe kamba ya kunasua. Ikikatika inaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Tazama bampa la mbele limeinuka kiasi gani, kwa sababu upande wa tuta unaokingwa na upepo huteremka kwa nyuzi 30 na zaidi, na bampa refu la plastiki litabaki huko chini. Kisha mwombe muuzaji mkalijaribu mchangani adhuhuri, mchanga ukiwa mkavu na laini. Asubuhi, umande ungali umeushika, karibu kila gari linapanda.