Mkanda wa kunyoosha mgongo na stendi ya simu: uzoefu wangu

Naanza na hukumu, asije mtu akapoteza pesa. Mkanda huu unakukumbusha kurudisha mabega nyuma, lakini shingo iliyochoshwa na simu hauiponyi. Kilichonipa nafuu ya kweli ni stendi ya simu ya shilingi 350 pamoja na zoezi la kidevu ambalo ni la bure. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, anunue stendi.

Sababu ni hii. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima juu ya pingili 7 za shingo, misuli haitaabiki. Kikiinama, mzigo unapanda. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo kutoka New York, alipiga hesabu kwa kompyuta akapata kuwa kuinama nyuzi 15 kunaifanya shingo ibebe kama kilo 12, nyuzi 30 kilo 18, na nyuzi 60 kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, hakupima shingo za watu, kwa hivyo usiishike kilo kwa kilo. Kinachoumiza zaidi ni muda. Misuli ya kutoka kisogoni hadi begani ikishikilia kichwa nusu saa bila kupumzika, inakaza, na maumivu hupanda mpaka nyuma ya macho. Mkanda unavuta mabega tu. Simu ikibaki mapajani, kichwa kitaifuata pale pale.

Sasa mkanda wenyewe. Nilionunua kwa shilingi 950 mjini ni wa umbo la nane, unavaliwa kama mkoba wa shule, na unafungwa kwa velkro chini ya kifua. Muuzaji alisema saizi moja inamtosha kila mtu na kwamba nikae nao kutwa. Yote mawili si kweli. Jipime kifua kwa futi ya fundi cherehani, chini kidogo ya makwapa, kisha ulinganishe na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukivaa, mahali mikanda inapokutana pakae katikati ya mifupa bapa ya mgongoni. Pakipanda hadi shingoni, ni mdogo kwako. Kaza mpaka vidole viwili vipite chini ya mkanda kwapani, basi. Mishipa ya fahamu na ya damu iendayo mkononi inapita hapo hapo, na ndiyo maana aliyekaza sana huanza kuhisi ganzi vidoleni. Ukihisi hivyo, legeza mara moja.

Anza na dakika 20, uongeze kidogo kidogo, na mimi sipiti saa mbili kwa siku. Mkanda ukifanya kazi kutwa nzima, misuli yako haijifunzi kitu. Usilale nao.

Halafu kuna joto letu la Pwani. Msimu wa kaskazi, mkanda wa sponji nzito hauvaliki: jasho linajaa kwapani na ngozi inachubuka pale kwenye mshono. Tafuta wa kitambaa chenye vitundu, na chini yake vaa fulana nyepesi ya pamba. Ndani ya buibui hauonekani kabisa. Ndani ya kanzu mstari unajitokeza mgongoni. Fua kwa mkono na maji baridi, velkro ikiwa imefungwa, la sivyo itakwaruza nguo nyingine na kuzitoa nyuzi. Anika kivulini, kwa sababu jua la huku linaulegeza mpira wake upesi.

Stendi nayo ina masharti. Chagua yenye viungo viwili na kitako kizito. Ile ya plastiki nyepesi huinama kila unapogusa kioo. Ukiiweka mezani peke yake bado iko chini, kwa hivyo pandisha juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa simu uwe sawa na macho. Inafaa kwa video, kusoma na kupiga simu za picha. Kwa kuandika haifai, mkono unachoka ukiwa juu. Ukiandika, shika simu usawa wa kidevu, kiwiko kikiegemea mbavu au kikishikiliwa na mkono wa pili. Kwenye matatu ya Mtwapa, weka mkoba mapajani na viwiko juu yake. Ingia pia kwenye mipangilio ukuze maandishi. Wengi wetu tunainama kwa sababu herufi ni ndogo, wala si kwa mazoea tu.

Zoezi ni hili. Keti wima, tazama mbele, kisha sogeza kidevu kirudi nyuma moja kwa moja mpaka ngozi ya chini yake ijikunje. Shikilia sekunde 5, achia. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Wanaokosea huinua kidevu juu, na hapo kisogo kinabanwa badala ya kunyooka. Jizuie kwa kuegemea ukuta: kisogo kiteleze ukutani, macho yabaki mbele. Kisha kila dakika 20 au 30 weka simu chini, zungusha mabega, simama.

Mto usisahaulike. Mto wa sufi uliojaa mno unakunja shingo usiku kucha, na ule mkuukuu hufanya mabonge upande mmoja. Punguza sufi mpaka uso uelekee juu moja kwa moja ukilala chali.

Jambo moja linaniudhi kweli: kinyozi kukamata kichwa na kuisokota shingo kwa ghafla ili ilie. Shingoni kuna mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na msokoto wa nguvu unaweza kuipasua ndani na kuleta kiharusi. Mwambie aishie kwenye kukanda mabega.

Tena, si kila shingo inayouma ni ya simu. Maumivu yakishuka mkononi, kikombe kikaanza kukuponyoka, miguu ikayumba, mkojo ukakataa kuzuilika, au yakaja na homa au baada ya ajali, acha mkanda na mazoezi uende hospitali. Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, Mombasa, ina fiziotherapia. Mweleze mhudumu ni vidole gani hasa vinavyokufa ganzi, kwani ganzi ya kidole gumba na ile ya kidole cha mwisho kwa kawaida hazitoki kwenye mshipa mmoja wa fahamu wa shingo, na hilo linamsaidia kujua pingili ya kuchunguza.