Royal Enfield Himalayan 411 baada ya kilomita 9,000: jina lililo kwenye tangi na injini iliyo chini yake

Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni 2025, mtu wa Mwanza hakuwa na sababu ya maana ya kununua pikipiki yenye nguvu kwa ajili ya safari za Sengerema, kwa kuwa hata ungekimbia namna gani kutoka Usagara, kivuko kingekusubirisha ufukweni pamoja na mwenye baiskeli na mwenye mbuzi. Sasa ghuba inavukwa kwa dakika chache juu ya daraja la takribani kilomita 3, na mimi, ambaye kazi ya upimaji wa ardhi hunipeleka Misungwi leo, Buchosa kesho na Magu keshokutwa, nikajikuta naulizia pikipiki ya kati. Nikisema ya kati namaanisha injini ya kuanzia cc 250 hadi 500: kubwa kuliko Boxer ya bodaboda, ndogo kuliko yale madude ya watalii yanayopita Lamadi kuelekea Serengeti.

Mahitaji yangu yalikuwa haya. Ninabeba vyombo vya kupimia pamoja na miguu yake mitatu ya mbao, mara nyingi na msaidizi nyuma, na siku ya kawaida huanza na lami ya mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa, kisha njia ya changarawe, halafu shamba lenyewe. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo kila mwenye pikipiki huku angepaswa kuyajua: luseni ni ule mchanga wa miinuko inayozunguka mawe, ambao hulegeza gurudumu la mbele, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni ambao mvua ikinyesha hujibandika hadi tairi likaacha kuzunguka. Pikipiki isiyoweza vyote viwili, kwangu haina kazi.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwa jina moja: nunua Honda, haifi. Jibu hilo nililijua tangu utotoni. Bwana shamba wa kata yetu kule Kwimba alikuwa na Honda XL125, na nilimwona akiivusha mito, akiidondosha, akiiwasha kwa kiki moja na kuondoka. Sifa ile ilikuwa ya kweli, na haikuja kwa bahati. Mwaka 1976 Honda walipotoa CG125, waliiundia injini ya fito za kusukumia valvu, teknolojia iliyokuwa imeanza kuonekana ya kizamani, kwa sababu walikuwa wameona jinsi pikipiki zao zinavyotumiwa katika nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na fundi hana vifaa vingi. Injini hiyo ndiyo Wachina waliyoiiga, na hadi leo nakala zake zinazunguka chini ya majina chungu nzima.

Mojawapo ya nakala hizo, ya cc 200, nilikuwa nayo kwa miaka minne, na sitalitaja jina lake kwa kuwa liliandikwa kwenye stika tu. Jambo lililonishangaza ni kwamba injini haikunisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni kila kitu kilichoizunguka: beringi za gurudumu la nyuma, nyaya za taa zilizoungua mvua ikininyeshea njiani kuelekea Nyehunge, na kiti kilichopasuka. Siku nilipokokotwa kwa kamba hadi Sengerema mjini, injini ilikuwa bado inanguruma vizuri, ila gurudumu ndilo lilikuwa limekataa. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tunapozungumzia uimara wa pikipiki kwa kutaja kampuni, tunachanganya mambo ambayo fundi hawezi kuyachanganya.

Chukua Honda ninayoweza kuipata leo kwa fedha zangu, yaani CRF250L iliyotumika Japani. Ni pikipiki nzuri sana, na niliiendesha ya mwenzangu siku nzima kutoka Buhongwa hadi Magu na kurudi. Ina kilo 144 hivi, inapita kwenye luseni kama mbuzi, na ubora wa kuunganishwa kwake unauona hadi kwenye kichwa cha skrubu. Lakini si XL125 ya bwana shamba. Inapozwa kwa maji, kwa hiyo ina rejeta ambayo inaning'inia pembeni mahali ambapo jiwe la Mwanza litaifikia. Mafuta yake hupulizwa na nozeli inayoongozwa kwa kompyuta. Na tapeti zake, yaani ule mwanya mdogo unaoachwa kwenye valvu, hazirekebishwi kwa bisibisi na spana, bali kwa vijisahani vya chuma vya unene maalumu ambavyo ni lazima uwe navyo mkononi kabla hujafungua. Kwa haki yake, ni nadra tapeti hizo kuhitaji kuguswa. Tangi lake la lita 7.8 na kiti cha urefu wa milimita 875 ndivyo vilivyonimaliza kabisa, kwa maana mimi si mrefu, na huko Buchosa petroli mara nyingi hununuliwa kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza, ambayo nisingependa nozeli yoyote iionje.

Hadithi ya Bajaj inafundisha zaidi. Katika nchi hii jina la kampuni hiyo limekuwa nomino ya kawaida, kiasi kwamba mtu anapanda bajaji bila kujua kuwa ametaja kiwanda cha India, na Boxer yao ya cc 150 ina spea katika kila duka la Mwanza linalouza hata plagi moja. Kwa hiyo Dominar 400 ilipotajwa, rafiki zangu walifurahi: ni Bajaj, utapata kila kitu. Nilichukua orodha ya vitu vinavyoisha haraka, nikazunguka maduka ya vipuri ya katikati ya mji kwa asubuhi nzima. Cheni na plagi zilipatikana za kufanana, oili ilipatikana, lakini klachi, chujio la hewa na pedi za breki hakuna aliyekuwa nazo, na kijana mmoja alinionyesha kwa unyenyekevu mkubwa klachi ya Boxer, akaniambia, "Kaka, hii nayo ni Bajaj." Alisema kweli, na haikunisaidia chochote. Dominar ni mashine ya cc 373 inayopozwa kwa maji, yenye nguvu ya farasi 40 katika matoleo ya kuanzia 2019 na asili moja na injini ya KTM 390 ya Austria. Undugu wake na Boxer unaishia kwenye nembo. Barabarani ni tamu kuliko zote nilizozijaribu, na kama safari zangu zingekuwa za Mwanza hadi Musoma kwa lami tupu ningeinunua bila kufikiri mara mbili. Lakini magurudumu yake yote mawili ni ya inchi 17, na kwenye mchanga usukani ulikuwa unaniuliza maswali kila mita kumi.

Nilifikiria pia Suzuki DR650 na Kawasaki KLR650, ambazo zimetengenezwa kwa miaka mingi bila kubadilishwa sana na hivyo matatizo yake yanajulikana. Zimezidi kipimo nilichojiwekea, lakini nazitaja kwa sababu moja. Wamiliki wa KLR duniani kote wanajua kwamba kile kidude cha kukaza cheni ya vizito vya kupunguza mtikisiko ndani ya injini ni dhaifu, na wengi hukibadilisha mapema na kuweka imara zaidi kilichotengenezwa na watu wengine. Hiyo ni pikipiki ya Kijapani yenye sifa kubwa, na bado ina donda lake linalojulikana. Donda linalojulikana halinitishi, kwa kuwa naweza kuliagizia dawa kabla ya safari.

Basi nikaishia kwenye Himalayan 411, ambayo kwa jina pekee nisingeigusa. Royal Enfield ni jina lililoanza kuundiwa pikipiki Uingereza mwaka 1901, likahamia Madras, ambayo siku hizi ni Chennai, kiwanda cha huko kilipoanzishwa mwaka 1955, na Bullet zake za zamani zilijijengea sifa ya kuvujisha oili popote zinaposimama. Himalayan yenyewe ilipotoka mwaka 2016, wanunuzi wa India waliyalalamikia sana matoleo ya mwanzo kabla kampuni haijayarekebisha. Ningefuata majina, ningekimbia. Nilichofanya ni kuifuata injini: cc 411, silinda moja, valvu mbili, inapozwa kwa hewa na oili bila rejeta ya maji, na tapeti zake hurekebishwa kwa skrubu na nati kama za pikipiki ya bwana shamba. Nguvu yake ni farasi 24 tu, ambazo kijana wa Dominar atazicheka, ila msukumo wa Nm 32 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) unapatikana chini kabisa, kabla injini haijafika mizunguko 4,500 kwa dakika, na huo ndio unaopandisha watu wawili na vyombo kwenye kilima cha Bugando bila kelele.

Nilinunua iliyotumika, ya toleo la nozeli, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa lori. Ilinigharimu zaidi ya Boxer mbili mpya. Kabla ya kulipa nilimpelekea fundi wangu wa Mabatini picha za injini na kitabu cha matengenezo, akavipitia kwa nusu saa, akasema, "Mzee, hii nitaifungua kwa spana nilizonazo. Ile ya kompyuta usiniletee." Nilimkumbusha kwamba hata hii ina kompyuta ya mafuta. Akajibu kwamba kompyuta moja anaweza kuivumilia.

Katika kilomita 9,000 nimebadilisha oili mara tatu, ingawa kitabu kinaruhusu kukaa nayo muda mrefu zaidi, kwa kuwa vumbi la huku halimo kwenye kitabu. Nasisitiza oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, maana klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Chujio la hewa nalisafisha kila mwezi. Pedi za mbele, machujio mawili ya oili, waya wa klachi na chujio la mafuta niliviagiza kwa pamoja kutoka nje siku ileile niliyonunua pikipiki, vikafika baada ya wiki tano, na viko kwenye sanduku nyumbani Nyakato. Gharama ya sanduku hilo niliihesabu kama sehemu ya bei, na ninamshauri yeyote anayenunua pikipiki ya kati huku afanye hivyo hata kama ni Honda. Chujio la mafuta nimelitilia mkazo kwa ajili ya zile chupa za Buchosa.

Sifa zake nyingine ni za kawaida lakini zina uzito. Kiti kina urefu wa milimita 800, miguu yangu yote inagusa chini. Tangi la lita 15, kwa ulaji ninaoupata wa takribani kilomita 28 kwa lita, hunipeleka na kunirudisha bila kutazama meza za chupa. Gurudumu la mbele la inchi 21 linapanda mawe kwa utulivu. Bamba la matope lililo karibu na tairi la mbele mbunifu alilichora bila kuiwazia mbuga: udongo mweusi hujaa kati yake na tairi, nami nililifungua siku ya pili ya mvua nikaliweka stoo.

Breki ya mbele ni ya kiasi, na kwenye lami ya daraja, upepo wa ziwa unapovuma kutoka ubavuni, unahisi kwamba farasi 24 wanafanya kazi yao yote. Juu ya kilomita 110 kwa saa sioni sababu ya kuisukuma. Na kuna uzito. Karibu kilo 200 zikiwa barabarani hutazihisi, lakini zikilala kwenye tope la mbuga saa kumi jioni, msaidizi wako akiwa ametangulia na miguu ya mbao begani, ndipo utakapoikumbuka CRF kwa uchungu.

Ningependa pia kumtahadharisha anayesoma haya akiwa na fedha mkononi kwamba Himalayan mpya, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ni ya cc 452, inapozwa kwa maji na ina nguvu ya farasi 40 hivi. Inaitwa Himalayan vilevile. Kila nilichoandika hapa kuhusu injini hakiihusu.

Kwa upande wa Ukerewe hali ni tofauti kabisa. Nikiwa na kazi ya visiwa vidogo, ambako chombo ni mtumbwi wa injini wala si kivuko, wavuvi huinua Boxer watu watatu na kuilaza juu ya nyavu bila kupandisha pumzi. Nilipowafikishia Himalayan ufukweni kwa mara ya kwanza waliizunguka, mmoja akaishika mpini akaitikisa, wakatazamana, kisha nahodha akaniambia nauli ya kwangu anaijua ila ya hii ng'ombe hajawahi kuitoza. Tangu siku hiyo, safari za huko nazifanya na Boxer ya mdogo wangu.