TAHADHARI: Dumu la baruti ya "Varget" lililokwisha kufunguliwa, linauzwa huku South Dakota

Wadau wa uwindaji, na wote mnaojaza risasi wenyewe nyumbani, someni hii kabla hamjatoa hela wikiendi hii. Kuna mtu anauza madumu ya baruti ya paundi 8 kwa matangazo ya mtandaoni, anakutana na wateja kwenye maegesho ya maduka ya vifaa vya shamba huku magharibi mwa jimbo, na kilichomo ndani sicho kilichoandikwa nje. Mimi nimeingizwa mjini tayari. Nashukuru bado nina macho yote mawili.

Kwa wasiojua mambo yenyewe: wenye ranchi wa huku wanaturuhusu kuwinda kindi wa mashimo, wale wanaoitwa prairie dog, kwa sababu wanamaliza majani ya ng'ombe na kuacha malisho yana matundu kama chujio. Mnyama akisimama wima halingani hata na chupa kubwa ya soda, na mara nyingi yuko yadi 250 au 300 kutoka ulipolala na bunduki. Risasi za dukani kwenye bunduki yangu ya .223 zilikuwa zinatawanyika inchi moja na nusu kwa yadi 100. Ukifika yadi 300 hiyo ni inchi nne na nusu, yaani unapiga vumbi huku kindi anakuangalia. Ndipo nikaanza kujaza mwenyewe. Maganda ya kiwanda kimoja, vichwa vya greni 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), fataki za CCI, yaani vile viwashio vidogo vya kitako cha ganda, baruti ya Varget, na kupandisha kipimo kwa hatua za greni 0.3, risasi tano kila hatua, mpaka nikafika pale bunduki inapotulia. Ilinila miezi mitatu na paundi mbili za baruti. Mwishoni matundu yote matano yalikuwa yanafunikwa na sarafu ya robo dola, na kronografu, kile kipima kasi ya risasi, inasoma wastani wa futi 3,120 kwa sekunde, tofauti kati ya iliyokimbia sana na iliyochelewa 38 tu. Aliyewahi kuzihangaikia namba hizi anajua raha yake.

Sasa baruti ikawa inaisha. Varget inatengenezwa Australia, kwa hiyo rafu za huku hukauka mara kwa mara, na duka langu la kila siku likawa linanijibu "wiki ijayo" kila wiki. Nikaona tangazo: dumu zima, dola 240. Dukani, siku linapopatikana, linapita 300 bila shida. Jamaa akaja na hadithi yake tayari: vitu vya shemeji yake marehemu, familia inataka kusafisha gereji. Nikampa pole, fikiria! Dumu lenyewe lilikuwa halisi, lebo halisi, ila sehemu ya namba ya toleo ilikuwa imechunika, na nilipofungua kifuniko lakiri ya mdomoni haikuwepo. Akasema, "Nilichota kidogo kuhakikisha haijaharibika." Nikanusa. Ilikuwa na ile harufu safi ya kemikali, si ya kuchoma pua, wala sikuona vumbi jekundu. Baruti iliyooza huonyesha hivyo viwili, kwa hiyo nikajiona mjanja. Nikahesabu noti nikampa.

Kosa langu la kwanza ni hapo. Harufu inakwambia baruti imeoza au haijaoza. Haikwambii ni baruti gani.

La pili nililifanya mezani kwangu. Unapobadilisha toleo la baruti, hata iwe ya jina lilelile, unarudi chini kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu cha vipimo vya kujaza na kupanda upya. Hilo nililifanya, na ndilo lililoniokoa. Nilipima kila chaji kwa mizani, nikajaza maganda 50. Lakini nilipomulika tochi kwenye maganda kabla ya kubana vichwa, niliona baruti imekaa chini kuliko nilivyozoea. Varget kwenye .223 hujaza ganda mpaka karibu na shingo. Hii ilikuwa chini ya bega kabisa. Nikajiambia, si nimepunguza kipimo? Kumbe tofauti ya greni moja na kitu haiwezi kushusha baruti kiasi kile. Uzito ni uleule, nafasi inayochukua ni ndogo: hiyo ni baruti nyingine. Ushahidi ulikuwa mbele ya tochi na mimi nikautafutia udhuru.

Jumapili uwanjani. Kwa kipimo kile nilitegemea kama futi 2,950. Risasi ya kwanza, 3,085. Nikakunja uso, nikasema labda jua linaisumbua kronografu. Ya pili, 3,240. Hapo mtu mwenye akili anakusanya vitu vyake anarudi nyumbani. Mimi nikapiga ya tatu "kuhakikisha": 3,310, na mkono wa bolti, yaani komeo la bunduki, ukagoma kuinuka. Nililazimika kuupiga kwa kiganja. Ganda lilipotoka lilionyesha wazi kuwa presha imezidi: fataki ilikuwa imebapa hadi kingo zake zimepotea, na alama ya pini ya kufyatulia ina ukingo ulioinuka kama mdomo wa volkano. Kitako cha ganda kina duara linalong'aa pale shaba ilipobanwa ikaingia kwenye tundu la bolti. Hiyo ni kwa kipimo cha chini kabisa cha kitabu! Ningekuwa nimevivuka vitabu na kujaza kile kipimo changu cha zamani, ninachokijua kwa kichwa, sijui ningekuwa naandika kwa mkono upi.

Nyumbani nikafanya kile nilichopaswa kukifanya kwanza. Nilikuwa na vijiko viwili vya Varget ya zamani chini ya chupa. Nikamwaga kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe, na kando yake kijiko cha dumu jipya. Ya zamani ni vijiti vifupi vinavyolingana, kama tambi zilizokatwa na mashine. Ya dumu ilikuwa mchanganyiko: vijiti, ndiyo, lakini vya urefu wa aina mbili, na katikati yake chembe za mviringo kama mbegu za mchicha. Mtu amekusanya mabaki ya chupa tofauti akayamimina humo. Na baruti zilizochanganywa hazina kipimo kokote duniani, kwa sababu kila kijiko unachochota ni tofauti na kilichotangulia. Ndiyo maana namba zangu zilikuwa zinaruka.

Kiwanda hakina kosa hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Na si wizi wa dumu bandia peke yake unaoua. Hata zile halisi zinataka umakini: baruti za H4831 na IMR 4831 zina namba moja, lakini mwendo wa kuungua si mmoja, na kipimo cha moja hukitumii kwa nyingine. Kama zilizo kwenye chupa zake zinahitaji kusomwa mara mbili, iliyofunguliwa na mtu usiyemjua utaisomaje?

Rafiki yangu amenunua kwa mtu huyohuyo, nadhani, maana hadithi ya shemeji ni ileile. Yeye alichukua fataki 1,000 za bunduki, ndogo. Boksi sahihi, trei zimepangwa vizuri, lakini zilizomo alizitilia shaka kwa rangi, tukalinganisha na za kwangu: ni za bastola. Na huyu mwizi anajua anachokifanya, kwa sababu fataki ndogo za bastola na ndogo za bunduki zina ukubwa mmoja, zinaingia kwenye ganda bila kulalamika. Kikombe cha chuma cha fataki ya bastola ndicho chembamba. Kwa presha ya bunduki pini inaweza kukitoboa, na gesi ya moto ikarudi kwenye bolti, upande wa uso wako.

Na wale mtakaosema basi nitaagiza mtandaoni: maduka feki ni mengi kupita kiasi. Lenye kila kitu kisichopatikana popote, kwa bei ya 2019, halafu linataka kulipwa kwa Zelle (kutumiana pesa kwa simu) au bitikoini tu, likimbie. Posta ya Marekani haipokei baruti wala fataki. Vinakwenda kwa makampuni ya mizigo, kwa barabara, kwa ada ya mzigo wa hatari. Anayekuahidi kukutumia kwa posta au kwa ndege kesho yake hana mzigo wowote. Kuna binamu yangu Minnesota alishalipa, kisha akaambiwa aongeze "bima itakayorudishwa" ili mzigo uachiliwe. Akaongeza. Mara mbili.

Nimepeleka taarifa kwa sherifu wa kaunti. Tangazo la kwanza limefutwa, ila juzi limetokea jingine kwa jina jipya, picha ileile ya dumu juu ya kapeti ya kijani. Aliyenunua dumu lisilo na lakiri tangu mwezi wa nne, mwaga kijiko kwenye karatasi nyeupe uniandikie, nitakutumia picha za zote mbili ulinganishe. Msifyatue hata moja kabla ya hapo. Mimi zile 47 zilizobaki nimekaa jioni nzima nazing'oa vichwa kwa nyundo yake maalumu, moja baada ya nyingine, na mke wangu anauliza kila baada ya dakika kumi ni nini kinachogongwa huko gereji.