Taarifa za Kitengo cha TEHAMA kwa wafanyakazi wa chuo: tathmini yangu baada ya miaka minne

Mimi ni mhadhiri, na kompyuta kwangu ni chombo cha kazi tu. Sina utaalamu wa mitandao wala hamu kubwa ya kuupata. Ninachotathmini hapa ni huduma ambayo wengi hawaihesabu kuwa huduma, yaani zile taarifa ambazo Kitengo cha TEHAMA cha chuo ninachofanyia kazi hututumia wafanyakazi kila mfumo unapobadilishwa, unapozimwa kwa matengenezo au unapoondolewa kabisa. Nimezifuatilia kwa takribani miaka minne, kwanza kwa kulazimika baada ya kupata hasara, na sasa kwa hiari. Zimeboreka kuliko nilivyotarajia, ingawa zimebaki na kasoro ambazo sioni kwa nini ziendelee kuvumiliwa.

Hasara yenyewe ilinifika katika wiki ya kuingiza alama za mitihani. Siku mbili kabla, tulikuwa tumepokea barua pepe yenye kichwa kilichosema, kwa herufi kubwa, kwamba kungekuwa na uboreshaji wa hifadhidata kwenye seva fulani, ambayo ilitajwa kwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na maana yoyote kwa mtu asiyefanya kazi katika kitengo hicho. Aya tatu zilifuata kuhusu matoleo ya programu na uwezo wa diski, na katika sentensi ya mwisho kabisa ndipo tulipoambiwa kwamba huduma zingesimama kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Hakuna mahali palipotajwa kwamba seva hiyo ndiyo iliyobeba mfumo wa alama. Ijumaa usiku nilikuwa nimeshaingiza alama za watahiniwa tisini na kitu, bila kuzihifadhi, ukurasa ulipoganda na kazi yote ikapotea. Kutohifadhi lilikuwa kosa langu, na sikatai. Lakini Jumatatu nilipofika kwenye dawati la msaada, kijana aliyenipokea aliniambia kwa adabu kwamba taarifa ilikuwa imetumwa, na maneno hayo yaliniudhi kuliko alama zilizopotea, kwa sababu yalikuwa kweli tupu: taarifa ilikuwa imetumwa, nami nilikuwa nimeisoma, na bado sikuwa nimefahamishwa chochote.

Sikuwa peke yangu niliyelalamika, na muhula uliofuata muundo wa taarifa ulibadilika. Kichwa cha barua sasa hutaja kazi ya mfanyakazi kabla ya jina la mfumo; husema, kwa mfano, kwamba kuingiza alama hakutawezekana kuanzia saa fulani ya siku fulani hadi saa fulani. Aya ya kwanza hueleza nani anaguswa, anatakiwa kufanya nini na mwisho wake ni lini, kisha maelezo ya kiufundi huwekwa chini kwa wale wanaoyataka. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba kitengo kiliomba kalenda ya mitihani kutoka ofisi ya msajili, na tangu hapo matengenezo makubwa hayapangwi tena katika wiki za mitihani wala katika siku za kuwasilisha matokeo. Ni jambo dogo ambalo lingeweza kufanyika miaka mingi iliyopita kwa simu moja tu kati ya ofisi mbili.

Masasisho ya usalama hayangoji kalenda, na hapa nakiri kwamba mtazamo wangu umegeuka. Zamani nilinung'unika kila kompyuta ilipodai kuzimwa na kuwashwa upya katikati ya muhula. Taarifa moja ilitukumbusha kisa cha WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu uliotumiwa na programu hiyo, tarehe 14 Machi 2017, na shambulio lenyewe likaanza tarehe 12 Mei mwaka huohuo, likazikumba kompyuta ambazo kwa karibu miezi miwili zilikuwa hazijawekewa kiraka hicho, zikiwemo za hospitali nyingi za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza. Mfano huo ulinielewesha zaidi ya maonyo kumi. Taarifa hiyohiyo ilieleza kwamba viraka vya kawaida vya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003, na kwamba chuoni huwekwa siku chache baadaye baada ya kujaribiwa kwenye kompyuta za kitengo chenyewe. Tangu siku hiyo nimeziwekea alama wiki hizo katika shajara yangu, na sijapangua tena kipindi kwa sababu ya kompyuta iliyoamua kujisasisha mbele ya darasa.

Taarifa za kuondolewa kwa Windows 10 nazihesabu kuwa kazi bora zaidi waliyowahi kutufanyia. Usaidizi wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kitengo kilianza kutuandikia zaidi ya mwaka mmoja kabla. Hakikutuma onyo la jumla lenye kumtaka kila mtu ahakikishe kompyuta yake iko tayari, kwani agizo la namna hiyo halimsaidii mtu asiyejua aanzie wapi. Kila mmoja wetu alipokea barua yenye namba ya usajili wa kompyuta ya ofisini mwake, ikieleza iwapo inaweza kupokea Windows 11 au la, na kama haiwezi, kwa sababu gani. Yangu haikuweza, kwa kuwa haikuwa na sehemu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 ambayo mfumo mpya unaidai. Ilibadilishwa wakati wa likizo ndefu, mafaili yangu yakahamishwa yote, na sikupoteza hata siku moja ya kazi. Waliosahauliwa ni wenzetu wa maabara. Kuna mashine za kupimia zinazoendeshwa na programu za zamani ambazo hazikubali mfumo mpya, na mashine hizo zina thamani kubwa mno kuweza kutupwa kwa sababu ya kompyuta iliyo pembeni yake. Taarifa hazikulitaja jambo hilo hata mara moja mpaka mafundi wa maabara walipopiga kelele, ndipo ikaamuliwa kwamba kompyuta hizo ziondolewe kwenye mtandao na zibaki kuendesha mashine hizo tu.

Uthibitisho wa hatua mbili ulipoletwa, yaani kuingia kwa nenosiri pamoja na namba inayotolewa na programu iliyo kwenye simu, taarifa zilikuwa sahihi lakini hazikujibu swali ambalo watu walikuwa nalo vichwani. Wengi walidhani kwamba kila wanapotaka kufungua barua pepe, simu zao zingehitaji intaneti, na mjadala mzima katika kikao cha idara ukawa ni nani atakayelipia gharama hiyo. Ukweli ni kwamba programu ile hukokotoa tarakimu sita kwa kutumia siri iliyohifadhiwa ndani ya simu pamoja na saa ya simu yenyewe, na tarakimu hizo hubadilika kila sekunde 30. Kwa hiyo inafanya kazi hata pasipo na mtandao wowote. Sentensi moja kama hiyo ingeokoa saa nzima ya kikao. Ingemsaidia pia mwenzangu ambaye saa ya simu yake ilikuwa nyuma kwa dakika kadhaa na ambaye kila namba aliyoingiza ilikataliwa. Mimi nilikwama kwa njia yangu: nilibadilisha simu bila kuhamisha programu hiyo, na sikuwa nimechapisha namba za akiba za kuingilia pale programu inapokosekana, ingawa taarifa ilikuwa imetuagiza hivyo katika aya ya pili. Nililazimika kwenda na kitambulisho mkononi nikapange foleni. Dawati la msaada lilinihudumia kwa muda mfupi sana na bila kunikejeli, jambo ambalo nadhani nilistahili kidogo.

Pamoja na mabadiliko hayo lilifutwa sharti la kubadilisha nenosiri kila baada ya siku 90. Kitengo kilieleza kwamba taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri tangu mwaka 2017 kwamba watumiaji wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kwa ratiba tu pasipo dalili kwamba limevuja. Sijawahi kuipokea taarifa yoyote ya chuo kwa furaha kama ile.

Kuna tatizo moja ambalo sikuwahi kulifikiria kabla halijatokea, nalo ni kwamba taarifa halali ya TEHAMA hufanana sana na barua ya kitapeli. Zote mbili humwambia mtu kwamba akaunti yake itafungwa, zote humpa siku ya mwisho, na zote humtaka abofye kiungo. Kitengo kiliwahi kutuma fomu ya kweli kupitia kiungo kilichofupishwa, kinachoelekea nje ya anwani za chuo, na kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wametufundisha mwezi uliotangulia kuzishuku barua za namna hiyo, wengi katika idara yetu waliiripoti kuwa ni ulaghai. Nami nilikuwa mmojawapo, na sijutii. Baada ya aibu hiyo waliweka utaratibu mzuri: barua zao hazina tena kiungo cha kuingilia kwenye akaunti, kila taarifa ina namba yake, na msomaji huelekezwa kuifungua tovuti ya wafanyakazi mwenyewe na kuitafuta namba hiyo. Hata cheti cha usalama cha eduroam, mtandao wa Wi-Fi unaotumiwa na vyuo, kilipobadilishwa, tulipewa mapema jina la seva la kulinganisha na lile ambalo simu ingetuonyesha kabla ya kukubali.

Kasoro iliyobaki, na iliyo kubwa zaidi machoni pangu, ni kwamba taarifa hizi humfikia mtu mwenye meza na kompyuta pekee. Madereva, walinzi, watunza bustani na wahudumu wa usafi ni wafanyakazi kama sisi, na mfumo wa hati za mshahara ulipohamishwa waligundua siku ya malipo tu, waliposhindwa kuziona. Wahadhiri wa muda hufungiwa akaunti kati ya muhula na muhula, kisha hurudi na kukuta mambo yamebadilika bila wao kuandikiwa. Na kuna siku ambayo huduma ya barua pepe ilisimama kwa saa kadhaa, tukaja kuipokea taarifa ya kusimama kwake baada ya kurejea, kwa barua pepe. Hakuna maelezo yoyote yaliyofuata kuhusu chanzo cha hitilafu hiyo, na huo ndio mtindo wao: hueleza vizuri sana kabla ya tukio lililopangwa, lakini hukaa kimya baada ya tukio ambalo halikupangwa.

Vilevile, taarifa zote hutoka kwenye anwani isiyopokea majibu. Mwenye swali hulazimika kufungua ombi jipya kwenye dawati la msaada na kueleza upya taarifa anayoizungumzia, ilhali swali lenyewe mara nyingi ni la neno moja.

Nimemwandikia mkuu wa kitengo nikipendekeza mambo matatu: ujumbe mfupi wa simu kwa wafanyakazi wasiotumia kompyuta, maelezo ya ukurasa mmoja baada ya kila hitilafu kubwa, na anwani ambayo mtu anaweza kuijibu. Nilijibiwa siku ya tatu, kwa lugha ya heshima na kwa ahadi kwamba mapendekezo yote yatazingatiwa. Nilipotaka kushukuru, nikaona kwamba barua hiyo nayo ilitoka kwenye anwani isiyopokea majibu.