Nilishaanza kutafuta gia boksi nyingine, kumbe waya tu

Gari yangu ni Corolla AE100 ya 1994, injini 5A, otomatiki. Mwezi uliopita niliipeleka gereji moja hapa Dar wanisafishie throto (mlango wa hewa ya injini) maana sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, ilikuwa inapanda inashuka, sailensa wakaiweka sawa kweli siwezi kuwasingizia, ila kesho yake napanda Kimara naona maajabu, nakanyaga mafuta injini inalia gari haiendi, na gia zinapanda mapema mno, hata 40 sijafika ishaingia ya tatu. Nikarudi kwao. Jamaa kaizungusha mtaa mmoja tu akasema bosi gia boksi imekwisha, pleti (klachi za ndani) zimeungua, andaa laki tisa tukutafutie ya Japani. Gari imeingia kwake nzima hiyo!

Bahati nzuri shemeji akanielekeza kwa mzee mmoja Ilala anayeshughulika na gia boksi tu. Yeye alichomoa dipstiki ya gia boksi, kile kijiti cha kupimia mafuta, akainusa, akaipangusa kwenye tishu, mafuta bado mekundu na hayanuki kuungua. Halafu akaniambia "kijana shika hapa", waya mmoja pembeni ya throto, sio ule wa eksileta, ni wa pili unaoshuka mpaka kwenye gia boksi. Umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Huo waya ndo unaiambia gia boksi umekanyaga mafuta kiasi gani, ukilegea presha ya mafuta ndani inakuwa ndogo, gia zinawahi kupanda na pleti zinateleza, na ukikomaa kuendesha hivyohivyo ndo zinaungua kweli. Yaani wale jamaa wangenivumilia miezi kadhaa tu utabiri wao ungetimia.

Kazi yenyewe spana mbili tu. Akalegeza nati mbili zinazobana kava la waya kwenye breketi, akalivuta mpaka ulegevu ukaisha. Kwenye waya kuna kakipande ka chuma kamebanwa, sasa mguu ukiwa haupo kwenye pedeli, kutoka hapo mpaka mwisho wa kava nafasi isizidi milimita 1. Alipima kwa jicho, nikamwambia mzee hatutumii rula, akanicheka. Dakika 15, elfu ishirini.

Kimara nikapanda tena, nikikanyaga yote inashusha gia yenyewe na kuvuta kama zamani. Nikanogewa, Jumapili nikaikaza mwenyewe kidogo nikidhani itazidi kuwa na nguvu, wee, gia zikawa zinachelewa na zikiingia zinapiga teke mpaka mama watoto akauliza nimegonga nini. Nikarudisha pale alipokuwa ameweka mzee fasta.

Mzee mwenyewe risiti hana, simu hapokei, na usipofika kabla ya saa 2 asubuhi unakuta magari matano mbele yako.